Sauti Ipige Hodi

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Huku Ifakara tu wazima, na mpunga umeanza kuchanua. Unauliza kwa nini spika za kwaya yenu hupiga "puu!" ukiziwasha, na ufanyeje.

Ujanani nilipiga muziki kwenye harusi, kwa mashine ya santuri na amplifaya ya betri ya gari. Nilikaa na bibi yangu. Wakati wa Maji Maji alikuwa mtoto, na bunduki za Wajerumani zilipolia, mama yake alimkimbiza kwenye matete ya mto. Mengine hakuyasimulia. Ila kila nilipojaribu vyombo uani na spika ikapiga "puu!", aliweka ungo chini, akamshika mkono mtoto aliyekuwa karibu, akaanza kuelekea mtoni.

Siku moja akaniambia, kwa utani wa bibi na mjukuu, "Mume wangu, huyo mgeni wako mwambie apige hodi kwanza."

Basi nikajifunza. Shusha sauti kabisa, washa mashine ya santuri kwanza, kwenu ndiyo mikisa ya kuchanganyia sauti, ngoja kidogo, amplifaya iwe ya mwisho, kisha pandisha sauti polepole. Wakati wa kuzima, amplifaya itangulie.

Siku muziki ulipoingia taratibu, Bibi aliendelea kupeta mchele. "Kumbe umeshawasha?" akauliza, akicheka.

Hadi leo nawasha hivyo hivyo, ingawa nyumbani niko peke yangu. Sauti ikianza, natazama pale alipokuwa akikaa, nikingoja aniulize.

Babu yako