Mkebe wa Kaniki na Bima ya Bizari

Mji wa Kale, Mombasa
Ijumaa, mwezi kumi Mfungo Nne, baada ya Asri

Bibi yangu,

Shikamoo. Leo nitakueleza yote, hata yale ambayo Mama amesema yasitoke nje ya nyumba, kwa kuwa wewe si mtu wa nje. Nimeketi barazani, mahali pako, kando ya jiko ulilokuwa ukikaangia bajia. Tumelifunika kwa gunia. Paka wako Kaniki amelala juu ya gunia hilo na hataki kuondoka, na mwenziwe Bizari anatafuna kamba ya kiatu changu cha shule.

Bibi, nimechoka na watu wazima. Mwalimu wetu wa Kiswahili husema barua ianze kwa habari njema, lakini habari njema sina nyingi, basi nimeanza na kuchoka.

Kaniki anaumwa. Baada ya hitima yako alianza kuja kwenye sahani, ananusa, kisha anageuka. Nilidhani ni huzuni, maana hata mimi chakula kilikuwa hakipiti. Halafu nikaona mate yenye damu kwenye mkeka. Mimi na Mama tulimtia ndani ya kile kikapu chako cha kwendea Marikiti, tukamfunika kwa leso, tukampeleka Mbaraki kwa daktari wa wanyama. Njia nzima alilia, mpaka dereva wa tuktuk akageuka akauliza, "Mama, mtoto huyo mbona humnyonyeshi?" Mama alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu ulipotuacha.

Daktari alimfungua Kaniki mdomo akatuonyesha. Meno ya nyuma yameoza. Lazima alazwe kwa dawa ya usingizi yang'olewe, la sivyo atakufa kwa njaa na sahani imejaa mbele yake. Alipotaja gharama, Mama alifunga mkoba wake. Tumepewa dawa ya kutuliza maumivu, na tumeambiwa tumrudishe Jumatatu.

Sasa sikiliza vituko. Mjomba Salim alipokuja kula chakula cha mchana, Mama akamwambia afadhali tuwakatie paka bima, tuwe tunalipa kidogo kidogo kila mwezi. Mjomba akarudisha tonge kwenye sinia.

"Bima ya nani?"

"Ya paka."

"Subhanallah! Paka!" Akasema bima ni kulipia jambo usilolijua, ina shaka katika dini, na mtu mwenye akili huweka akiba.

Mama akamuuliza, "Na lori lako la Shimanzi, kaka, latembea kwa dua?"

"Bima ya lori ni sheria ya serikali!"

Tangu siku hiyo hatuli kwa amani. Mjomba akiba, Mama bima. Mama anasema akiba ya nyumba hii huliwa na karo kabla haijafikisha mwezi. Mjomba anasema bima ni kumnenepesha mtu aliyekaa ofisini. Wanapaziana sauti, na paka wenyewe wako miguuni pao wanangoja mifupa.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba akiba tayari ipo. Si ule mkebe wako wa maziwa ya unga? Kila jioni ulipomaliza kuuza bajia ulikuwa ukitumbukiza sarafu za mwisho na kusema, "Hii ya paka." Mkebe ulikuwa juu ya kabati, mzito. Lakini Mjomba anasema umeingia kwenye mirathi, hauguswi mpaka warithi wote wakubali, na Mjomba Hamid yuko Muskati hashiki simu. Basi anayetaka akiba ndiye aliyeizuia akiba! Niliposema hivyo niliambiwa niende nikadurusu.

Jumatano Mama alipiga simu kwenye kampuni ya bima na kuiweka sauti kubwa ili sote tusikie. Aliyepokea alikuwa dada mpole sana. Akauliza umri wa Kaniki. Mjomba, ambaye alikuwa amesema hashiriki mazungumzo hayo, akajibu kutoka dirishani, "Huyo alikuwapo mimi kabla sijaoa." Dada akakohoa kidogo. Akatueleza kwamba paka mzee hawamchukui, na ugonjwa ulioanza kabla ya bima hawaulipii. Bizari wangemkubali, maana ni mdogo, mzima, na ana chanjo zake.

Nikaomba ruhusa ya kusema. Nikasema, kwa adabu, kwamba wote wana haki, ila kila mmoja ana haki kwa paka mmoja tu. Bima itamfaa Bizari, na Kaniki hana kitu ila akiba. Mjomba akasema, "Mtoto huyu amesoma sana." Sikujua kama nimesifiwa.

Ndipo dada akauliza, "Na mwenye paka ni nani?"

Bibi, hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Mama alikitazama kiti chako. Mjomba akasema polepole, "Mwenyewe hayupo."

"Sawa," akasema dada. "Akirudi, anaweza kutupigia?"

 Nikasema aniandike mimi. Akaniuliza umri, akasema hapana, lazima awe mtu mzima. Hapo Mjomba Salim, yule yule anayekung'uta kanzu Bizari akipita karibu, akaichukua simu mkononi mwa Mama. Akauliza kama wanayo bima ya Kiislamu. Alipoambiwa ipo, akataja jina lake, la baba yake na la babu yake, kwa sauti ya mtu anayefungishwa ndoa. Kisha akatugeukia. "Na msinicheke." Tulicheka, Bibi. Na Mama akalia.

Basi Bizari amepata mwenyewe. Amebaki Kaniki.

Jana Mjomba aliniita peke yangu. Akasema mimi ndiye niliyekuwa nawe kila jioni, nimwambie ulikuwa ukisema nini ulipotia pesa. Nikamwambia. Akasema kama ulikuwa umekwisha kuwatolea paka pesa zile ungali hai, basi si mirathi, na ataufungua mkebe saa ile ile. Lakini kama ulikuwa unaweka tu pesa zako ili uwatumilie wewe, basi ni zako, na Mjomba Hamid angojwe. "Wewe ndiwe shahidi," akasema.

Nilitaka sana kusema ulikwisha kuwapa. Neno lilifika mdomoni. Lakini ni wewe uliyenifundisha kwamba shahidi husema alichosikia, si anachokitamani. Nikamwambia maneno niliyasikia, niya yako sikuiona. Mjomba alitikisa kichwa, akapanda kiti, akauteremsha mkebe na kuuweka mezani. Hakuufungua. Jana baada ya Isha alimpigia Mjomba Hamid tena. Simu ililia mpaka ikakatika.

Mimi namponda Kaniki samaki kwa maji ya uvuguvugu, naye analamba kidogo. Asubuhi alilamba zaidi ya jana. Namtazama mpaka Mama ananiita nitachelewa shule.

Nikuage sasa, adhana ya Magharibi i karibu. Mungu akupe nuru huko uliko, Bibi yangu. Nami nakuahidi jambo. Nimetafuta mkebe wangu mwenyewe, na ninapotia chochote, nasema mbele ya Mama kwa sauti, "Hii nimekwisha kuwapa paka, si yangu tena," ili asipatikane mtu wa kuulizwa baada yangu. Mama anasema nina kichaa kama chako.

Ila Jumatatu haiko mbali, na Kaniki hana uwezo wa kungoja simu ya Muskati. Nijibu upesi, hata kwa ndoto: uliposema "Hii ya paka," Bibi, ulikuwa umekwisha kuwapa?

Mjukuu wako,
Maryam