Ng'ombe Mmoja Katika Insha Sita

Riruta,
Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu, wewe na dada Nekesa anayekusomea. Goti linaendeleaje? Ile dawa uliipaka, au imekaa kabatini kama pambo? Mimi mzima, ila baridi ya Riruta inaingia hadi kwenye mkasi.

Umeuliza nataka nini na cheti changu cha darasa la saba. Basi sikiliza, na Nekesa asiruke mstari.

Wanafunzi sita huja hapa kwenye cherehani yangu wakitoka shule. Wa kwanza alikuwa Wanjiru, aliyeleta sare kushonwa huku akililia shairi la kazi ya nyumbani. Nikamfundisha kuhesabu mizani kwa kukanyaga mashine: silabi moja, kanyago moja, nane, tena nane. Kesho yake akaleta wenzake watano. Sasa mimi nashona, wao wanauliza umoja na wingi, na mhusika fulani alikasirikia nini.

Majuzi walipewa insha ya nyumbani kwa bibi. Wakakwama. Nikawaambia wafumbe macho. Ukungu ulikuwa umeziba mlango, mashine ikiunguruma kama mto wetu Nzoia ukipita mawe, nami nikasema tu nilichokiona: moshi ukipenya kwenye nyasi za paa, ng'ombe wetu mwekundu mwenye pembe iliyovunjika akivuka, maji kifuani, nawe ukimwita ng'ambo hii. Nikasahau kama niko na watu. Nilipozinduka, kalamu sita zilikuwa zinakimbia.

Jumatatu akaja mwalimu wao, daftari kwapani.

"Fundi, bibi sita, ng'ombe mmoja! Hata pembe imevunjika upande ule ule!"

Wanjiru akachungulia nyuma yake. "Ni ng'ombe ya fundi, mwalimu. Sisi tuliazima tu."

Nilijua sasa atawakataza kuja. Nikaomba msamaha. Yeye akaniuliza, "Wewe ulisoma mpaka wapi?"

"La saba."

"Mbona ukaishia hapo?"

Nikainamia kitambaa. Mama, unajua mbona. Nilimshinda kaka Wafula kwa alama kumi na tisa, lakini ng'ombe yule akauzwa, Wafula akaenda sekondari, na baba akasema mmoja anatosha. Miaka kumi na moja hesabu hiyo haijanikubali.

Mwalimu akasema nijiandikishe kufanya mtihani wa kidato cha nne kwa kujitegemea, na kazi zangu atasahihisha yeye. Ila nipeleke cheti kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo ni mwaka mwingine. Kiko kwenye sanduku lako la bati, chini ya kitenge cha harusi. Mpe mjomba anayekuja huku Ijumaa. Baba akiuliza, mwambie kweli. Safari hii siombi ruhusa.

Watoto wameambiwa waandike upya, kila mtu na bibi yake. Zile za kwanza mwalimu aliniachia. Nimezisoma zote. Mara sita, mama, ng'ombe anavuka mto na kurudi nyumbani. Sikuwaambia kwamba aliuzwa.

Nisalimie baba, kaka Wafula na mkewe, na shangazi aliyenifundisha kushika sindano.

Mwanao wa darasa la saba, kwa sasa,
Simiyu