Gauni la Kaunta

Ijumaa, 2 Mei

Sijui nianzie wapi! Leo saa nne Madamu, mkuu wetu wa kitengo hapa ofisi ya maji, alifungua mlango wa chumba cha simu. Mwenyewe! Kwa kawaida hugonga ukuta tu. Akasema dada wa kaunta anaenda kujifungua na akirudi atahamia tawi lingine. Kiti kinabaki wazi. Kuanzia Jumatatu ya tarehe kumi na mbili tutajaribiwa wawili kwa siku tatu: mimi dirisha la kwanza, Kipusa wa ankara dirisha la pili. Atakayefaa ndiye atakayebaki.

Miaka tisa napokea simu za watu waliopasukiwa na mabomba. Miaka tisa kwenye chumba kisicho na dirisha. Mji mzima unaijua sauti yangu, hakuna anayejua kama nina pua, nawaambia nyumbani kila siku! Nakitaka kile kiti. Nakitaka jamani, wala sifichi.

Kisha Madamu akanitazama kuanzia kichwani, akashuka, akashuka, akafika kwenye ndala. Akasimama hapo. Akasema kaunta ni uso wa ofisi. Nimemwelewa.

Jioni nimefungua kabati. Lo! Nguo za msimu wa joto tupu, tena zimepauka, na baridi ndiyo hiyo imeshaingia. Hela iliyobaki baada ya gesi na ada inatosha kitu kimoja, na kitu chenyewe kisiwe na makuu.

Jumamosi, 3 Mei

Wifi amekuja na futi yake shingoni. Ni dada wa mume wangu, fundi cherehani, mdomo wake hauna breki. Amemwaga kabati lote kitandani akapanga mafungu matatu: ya kuvaa, ya kukata, ya kupigia deki. Fungu la deki limekuwa mlima!

Akashika blauzi yangu ya njano kwa vidole viwili. Eti wifi, hii uliifukua wapi? Nikamwambia ni zawadi yake yeye. Akaizika chini ya fungu la deki. Nimefurahi sana!

Mume wangu akapita na kikombe chake, akasema yeye anaona zote ni nzuri. Wifi akamwambia, kaka, wewe ulivaa soksi mbili tofauti siku ya harusi yako, nenda kanywe chai.

Kilichopona: sketi nyeusi moja, na gauni la pamba la mikono mirefu alilonishonea Wifi miaka mitano iliyopita. Mshono safi, haujaachia hata pindo. Ila lilikuwa la rangi ya maziwa na sasa ni rangi ya maziwa yaliyomwagika. Wifi anasema tulitie rangi. Bluu nzito. Litakuwa jipya!

Jumapili, 4 Mei

Mitumbani asubuhi, kabla jua halijachomoza vizuri, kwa sababu wanaowahi ndio wanaopata. Nimeinama mpaka kiuno kikalia. Nikalikuta! Sweta la sufu, rangi ya damu ya mzee, zito, halina tundu hata moja. Vifungo viwili havipo. Nikavishikilia hivyo viwili visivyokuwepo kama ngao. Muuzaji akasema, mama, unalipia sweta au unalipia vifungo? Nikamwambia nalipia nilichokiona. Akacheka, akashusha. Chenji imetosha pakiti ya rangi.

Nimelivaa kurudi nyumbani. Jasho lilinitoka lakini sikulivua.

Jumanne, 6 Mei

Maafa!

Tumechemsha maji kwenye ndoo ya bati, tukatia rangi na chumvi, tukalizamisha gauni. Wifi anakoroga kwa mpini wa ufagio, anaimba. Tumelitoa, tumelisuuza, tumelianika. Kitambaa—bluu, bluu ya kupendeza, hakina doa. Lakini uzi! Uzi wote umebaki rangi ya maziwa! Kila mshono unaonekana, begani, kwapani, kiunoni, pindoni, kana kwamba mtu amenichora kwa chaki.

Wifi ameshika kichwa. Uzi ni wa poliesta, haukubali rangi. Na aliyeuchagua ni nani? Yeye! Fundi wa miaka ishirini, anayewaambia wateja wake wote kwamba uzi wake haubadiliki mpaka kiama. Kweli haujabadilika.

Nimelia kidogo. Sioni haya kuandika. Siku sita zimebaki na ndilo gauni nililokuwa nalo. Wifi naye akalengwalengwa na machozi, kisha akaanza kusema “mpaka kiama, mpaka kiama,” na sote tukacheka hadi jirani akachungulia. Amelibeba kwenda nalo kwake. Hataki kuniambia atalifanya nini.

Alhamisi, 8 Mei

Limerudi! Wifi hakufumua hata uzi mmoja. Ameongeza! Amepiga mistari miwili ya uzi uleule kwenye kola, kwenye mikono, na ametia mifuko miwili yenye mistari. Sasa linaonekana ni makusudi mazima. Nimemkumbatia akasema nisimkunje.

Leo pia ilikuwa zamu ya uso. Mwalimu ni binti yangu, miaka kumi na saba, mkali kuliko Madamu. Amekagua kipochi changu. Maskara iliyokauka, jalalani. Poda ya msimu wa joto alinipaka shavu moja tu, akarudi nyuma, akasema, mama, umeangukia unga? Jalalani pia. Rangi za mdomo zilikuwa tatu, zote zimebaki vitako vya chini tu. Amezikwangua kwa kijiti, akaziyeyusha juu ya mvuke ndani ya kijiko na tone la mafuta ya mgando. Imetoka rangi moja nzuri ajabu, kama zabibu. Mdomoni, na kidogo sana mashavuni. Wanja chini ya jicho. Basi.

Nilijitazama. Nikasema, kumbe! Binti akasema, kumbe nini, pua unayo.

Jumatatu, 12 Mei

Siku ya kwanza. Nimependeza, nasema mwenyewe kwa sababu ni kweli! Kipusa alikuja na suti mpya inayong'aa, akaniuliza hilo gauni la mistari nimelinunua duka gani. Nikasema nina fundi wangu. Nilisema kwa pozi.

Lakini. Kioo cha dirisha la kaunta kinaakisi. Kila nikigeuka najiona, kola, mdomo, kola tena. Jioni Madamu akaniita pembeni. Umependeza, akasema, ila mteja wa tatu alisimama mbele yako muda mrefu huku wewe unajitengeneza sweta. Akaondoka. Ningependa ardhi inimeze.

Jumanne, 13 Mei

Rangi ya gauni imehamia shingoni kwangu. Bluu! Binti amenisugua kwa siki. Wifi amecheka kwenye simu mpaka nikakata.

Kesho ndiyo mwisho.

Jumatano, 14 Mei

Naandika chini ya kaunta, harakaharaka. Saa saba mchana. Mtandao umekufa tangu saa mbili. Kipusa amefunga dirisha lake, ameenda kunywa chai kama tunavyofanya wote mtandao ukifa. Foleni imefika nje. Mimi nimetoa daftari kubwa, naandika kwa mkono, ninawauliza vilevile kama kwenye simu: bomba linavuja kabla ya mita au baada? Maji yana rangi gani? Mama mmoja akaruka, akasema, kumbe ni wewe!

Madamu alitoka ofisini akasema nikimaliza na huyo niende kwake. Tangu huyo wamepita wateja tisa. Ametoka tena sasa hivi. Nikamwambia mbele ya watu, Madamu, bado kumi na wanne. Nimesema hivyo kwa mdomo wangu! Hata sijui kama rangi bado ipo kwenye huo mdomo.

Mzee aliye mbele yangu anatafuta ankara mfukoni. Ametoa miwani, funguo, nusu mkate.

Madamu hajaondoka. Amefungua dirisha la pili. Amevuta kiti, amekaa, amechukua kalamu. Ananiuliza: kabla ya mita inaandikwa safu ipi?

Mzee ameipata. Haya baba, nisomee namba—