Bunduki ya Kaka Yako Inaomba Ruhusa ya Kusafiri

Ghorofa ya pili,
juu ya duka la vitasa.
Jumanne, 11 Machi

Mpendwa Shemeji,

Kabla ya yote, kifua kinaendeleaje? Uliandika kwamba kikohozi kimehamia kwako na mizigo yake yote. Natumaini kimeshafunga virago. Na yule mbwa wako mzee, bado anaona? Sisi huku hatujambo, ila magoti yangu, ambayo siku hizi yanatabiri mvua kuliko redio. Binti yetu muuguzi ni mzima. Anakusalimu mapema kwa sababu amesimama nyuma yangu anasoma kila ninachoandika, nami nimechoka kumfukuza.

Kazi ipo. Sare za shule zimejaa mpaka kitandani, na cherehani imenishinda kelele. Nyumba ni kubwa kidogo tangu kaka yako aondoke. Bado napika ya watu wawili.

Barua yako ya mwezi wa kwanza nimeisoma si chini ya mara tano. Unataka bunduki yake iletwe huko ng'ambo kabla msimu wa kuwinda haujafunguliwa mwezi wa tano, ili umpige yule kulungu dume mwenye pembe ndefu ambaye kaka yako alimsubiri miaka tisa. Umpige kwa niaba yake. Hilo nimelielewa. Lakini pale mwishoni uliandika mstari mmoja ambao umenikwama kooni mpaka leo: kwamba kaka yako alikuwa akimfuata yule dume, si wewe, wewe ulikuwa mwenyeji wa kumlaza tu, na kwamba ndiyo sababu hukuja kumzika. Siku ile nilishika kalamu kukujibu kwa hasira, nikaiweka chini. Mimi mwenyewe sikujua alikuwa akifuata nini huko.

Basi nikaamua bunduki nitaileta mimi. Binti yetu aliposikia alikaa chini. "Mama, wewe ukiona panya unapanda juu ya meza," akasema. Ni kweli, lakini panya hana kibali. Nawe unanijua: nikiona pazia limefungwa mchana, sitalala mpaka nijue nyuma yake kuna nini. Lile kabati la bunduki miaka yote hiyo sikuruhusiwa hata kulifuta vumbi.

Nilidhani bunduki hurithiwa kama koti, unapunguza mikono, unavaa. Kumbe mwenyewe akifa, leseni inakufa naye. Ndani ya siku tisini apatikane mrithi anayefaa, la sivyo serikali inaichukua. Mimi nilifika polisi siku ya themanini na mbili, nimevaa viatu vya harusini ili nionekane mtu anayefaa.

Walianza na vidole. Yule askari wa alama za vidole alinipaka wino, akanibana kidole kwenye karatasi, akatazama, akanibana tena. Mara tatu. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia fundi cherehani, miaka arobaini. Akasema sindano imezila alama zangu, ningekuwa mwizi mzuri sana. Mwishowe kidole gumba cha kushoto kikatuokoa, na nikapata cheti cha tabia njema. Nimekibandika ukutani, maana katika nyumba hii hakuna aliyewahi kunipa.

Daktari naye alipima macho, akapima masikio, kisha akaniuliza kama huwa nasikia sauti za watu wasiokuwepo. Nikamjibu ndiyo, namsikia mume wangu akinikumbusha kuzima jiko. Akaweka kalamu chini. Ilibidi nimweleze kwa kirefu kwamba huo ni ujane, si wazimu, na hata hivyo alinishikilia nusu saa nzima.

Kisha kiwanja cha shabaha. Siku ya kwanza bunduki ilinipiga bega mpaka nikaona nyota, na risasi sijui ilikwenda kwa nani. Nilirudi Jumamosi sita mfululizo. Si kwamba napenda kulenga, lakini nilitaka kujua ni kitu gani kilikuwa kikimtoa kaka yako nyumbani kila Jumamosi. Jumamosi ya sita nilipiga tatu kati ya tano, mkufunzi akanipa mkono, na akasema bado sijamfikia mume wangu. Nikacheka. Nikamwambia baba, umekosea mtu, mume wangu sisi tulimwita Mvunja Matawi, maana tulidhani wanyama humsikia akikanyaga. Miaka tisa amekwenda kuwinda, miaka tisa amerudi hana hata unyoya, na kila nikimuuliza ananijibu, "Nimekosa, mke wangu." Yule mkufunzi hakucheka. Alifungua daftari lake la majaribio ya kila mwaka akanionyesha: tano kati ya tano, tano kati ya tano, ukurasa baada ya ukurasa.

Nilirudi nyumbani kwa miguu siku hiyo. Wewe ulidhani anasubiri dume, mimi nilidhani hajui kulenga. Udadisi ukanikaa kama mwiba.

Sasa nikueleze vibali, maana navyo vina mambo yake. Ofisi ya silaha iko ghorofa ya chini pale polisi, dirisha la pili, na karani wake ni mama mmoja mnene, mwenye mihuri saba juu ya meza na hasira za asubuhi. Mimi nimempa jina la Bibi Mihuri. Kwake nimejifunza kwamba bunduki inahitaji ruhusa nyingi kuliko bibi harusi. Kuna kibali cha kuitoa nchini kwa muda, na kuna kibali cha kuiingiza huko kwako, ambacho hakitolewi bila barua yako ya mwaliko. Halafu ndege yenyewe inatua nchi ya katikati kwa saa tatu. Nchi hiyo nayo inataka kibali chake, ingawa bunduki haitashuka kutoka tumboni mwa ndege. Nikamuuliza, na mimi nitakayeshuka nizunguke madukani? Akasema mimi sina shida, mimi si hatari. Hajaniona nikigombania kitambaa.

Nilikuwa nimeshaishonea bunduki mkoba wa turubai, mshono mara mbili, na mfuko wa risasi ubavuni. Nikampelekea auone. Aliupapasa, akausifu, akanirudishia. Bunduki haipandi ndege katika kitu cha kushonwa. Inataka sanduku gumu lenye kufuli mbili, risasi ziwe katika kasha lake pembeni, na shirika la ndege liambiwe mapema. Uwanjani ofisa wa forodha atasoma namba iliyochongwa kwenye chuma na kugonga muhuri, ili nikirudi asiseme mtu nimeinunua huko. Mkoba wangu sasa unabeba nyuzi.

Na risasi huhesabiwa, Shemeji. Zinahesabiwa zikitoka, zinahesabiwa zikirudi, na hesabu zote mbili zinaingia kwenye faili. Bibi Mihuri alinigeuzia faili la kaka yako ili nione fomu zake zilivyojazwa, niige. Mwaka wa kwanza: zimetoka arobaini, zimerudi arobaini. Wa pili vilevile. Nikalowesha kidole nikafunua wa tatu, wa nne, mpaka wa tisa. Hata anayekosa hutumia risasi. Kaka yako alirudi nazo zote, kila mwaka, kama mtu aliyepeleka mayai sokoni akakosa wateja.

Sitakuficha, kitu cha kwanza kilichonijia ni mwanamke. Pale pale dirishani, foleni nyuma yangu, nikaanza kumtafuta katika kumbukumbu, nikamvika na nguo. Ndipo nikakumbuka barua yako, kwamba mlikuwa pamoja porini kila siku kuanzia alfajiri, nikatulia. Nilitulia kidogo tu.

Kisha nikaona mstari wa "Madhumuni ya safari". Kaka yako, kwa ule mwandiko wake wa kulala, alikuwa ameandika: Kumtembelea mdogo wangu. Umekatwa kwa wino mwekundu, na juu yake mkono mwingine umeandika: Kuwinda. Mwaka uliofuata, hivyo hivyo. Nao uliofuata. Nikamuuliza Bibi Mihuri ni nani aliyekuwa akikata. Akavua miwani.

"Mimi. Huyo bwana alinisumbua, mama. Kila mwaka namwambia, bunduki haipewi ruhusa ya kwenda kumsalimu mtu, andika kuwinda. Kila mwaka anaandika lile lile."

"Na kuwinda hakuwindi," nikasema.

"Hilo nalo nilimuuliza, maana risasi nilikuwa nazihesabu mwenyewe. Akaniambia leseni ya huko ni mnyama mmoja tu. Akasema, nikimpiga leo, kesho mdogo wangu ataniuliza narudi lini kwangu."

Nilikaa kwenye benchi, Shemeji. Watu watatu walinipita kwenye foleni, nami nikawaacha, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini.

Katika ukurasa wa kwanza kabisa wa faili ile kuna tarehe aliyonunua bunduki. Ni mwezi wa kumi wa mwaka ule karakana yako ilipoungua. Wewe ulikuwa umetupigia simu mwezi wa nane, ukatuambia mbao zote zimekwisha, mashine zimekwisha, mkeo kaondoka, na kwamba yeyote atakayekuja kukuonea huruma atakuta mlango umefungwa. Kaka yako alishusha simu, na chakula chake kikapoa mezani. Miezi miwili baadaye akaingia na bunduki, mtu ambaye hakuwahi kuua hata kuku. Kuku nilikuwa nachinjisha kwa jirani. Nilimnunia wiki nzima. Nilisema ni uzee unamchezea. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye aliona bora aje na jembe lake mwenyewe, usipate pa kumfukuzia.

Nimemkasirikia, nakwambia ukweli. Miaka tisa nimemcheka mbele ya wageni, naye anacheka pamoja nami, anakubali kuitwa Mvunja Matawi, wala hakunong'ona hata mara moja kitandani. Naona haya. Na nimemkumbuka kwa namna ambayo sikuwa nimemkumbuka tangu tumzike. Sijui kama ningemwelewa angeniambia. Pengine ningekupigia simu nikakuropokea yote, nawe ungefunga mlango kweli. Alijua ameoa mdomo wa aina gani.

Kwa hiyo yule dume, Shemeji, wewe ndiye uliyekuwa ukimsubiri. Yeye alikuwa amekwisha kufika.

Haya, tufanye kazi. Naomba uniletee upesi barua ya mwaliko yenye sahihi yako, nakala ya kitambulisho chako, na maelezo ya mahali bunduki itakapofungiwa usiku, maana wanauliza hata unene wa mlango. Kibali cha kuingiza ukakiombe wewe huko, kwa jina langu, na namba ya bunduki nimeiandika nyuma ya karatasi hii kwa herufi kubwa. Usikosee hata tarakimu moja. Bibi Mihuri anasema kwa kosa la tarakimu moja bunduki hulala mahabusu na mwenyewe.

Ujue pia kwamba leseni sasa ni yangu. Kisheria huwezi kuishika hiyo bunduki nisipokuwepo ubavuni pako, kwa hiyo alfajiri zote hizo tutakuwa wote, magoti yangu na kikohozi chako. Wanyama watatusikia tangu tukiwa jikoni.

Fomu yangu niliijaza juzi. Kwenye madhumuni niliandika: Kumtembelea shemeji yangu. Bibi Mihuri aliisoma, akachukua kalamu nyekundu, akakata taratibu, kama mtu asiyependa. Kisha akagonga muhuri. Nimepewa siku ishirini na moja, na leseni ya huko ni mnyama mmoja. Nakuomba, Shemeji yangu, tusimwone mapema.

Binti yetu anakusalimu tena, mara hii anafuta macho na kusema ni vumbi la vitambaa. Mumewe dereva anakusalimu, na wajukuu wawili wanauliza kama una ngazi ya kupanda juu ya paa. Dada yenu mkubwa anasema umekonda kwenye ile picha, na kwamba ule. Nisalimie jirani yako mwenye trekta, na umkune mbwa mzee nyuma ya sikio kwa ajili yangu.

Mungu akupe pumzi ya kutosha, akufungulie kifua, na akuweke mzima mpaka nibishe hodi.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye, mwenye kibali,
Mke wa kaka yako