Nyota Haitazamwi, Inanywewa Maji

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua kaka Elia ndiye anayekusomea huku wewe unapeta mtama. Elia, soma polepole, usiruke. Goti linaendeleaje, mama? Mavuno ya hapo Shelui yakoje? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Afrika Kusini haina adabu.

Juzi ulinikaripia kwenye simu. Nilikwambia kazini wamenitaka niongeze mkataba huku jangwani kwa sababu ya nyota, ukasema, "Nyota haitazamwi, inanywewa maji. Rudi nyumbani." Nikacheka, ukakata simu. Baadaye Elia akaniambia kwamba tangu niondoke unaniwekea kibuyu cha maji mlangoni kila jioni. Kicheko kikaniisha. Nilikuwa nimesahau kwamba kwa Kinyiramba chetu nyota ni kiu. Muda wote huu ulijua mwanao ameajiriwa kwenye kiu.

Mimi nasema nyota za Waswahili, hizi za angani. Kazi yangu ni kutunza kioo cha darubini wanayozitazamia. Ipo moja kubwa kupita kiasi. Jua letu mbele yake ni kibatari. Enzi za babu zako watu waliiona ikitapika wingu la gesi na vumbi, na mpaka leo wingu hilo linazidi kutanuka. Picha mpya zimeonyesha gesi nyingine humo ndani ambayo hakuna aliyejua kama ipo. Wataalamu wanasema siku moja nyota yenyewe italipuka. Labda imeshalipuka, ila mwanga wake bado uko njiani.

Hilo linaninyima raha, mama. Siku baba alipofariki mimi nilikuwa huku nacheka na wenzangu, mpaka simu ikaita. Sitaki habari zako zinifikie hivyo. Basi nimewajibu kwamba mkataba huu ukiisha narudi. Nyota ile ikilipuka nisipokuwepo nitaumia, sikufichi.

Jioni ukimaliza kuosha vyombo, tazama kusini. Elia akuonyeshe zile nyota nne za msalaba, na kando yake utaona kama ukungu kidogo. Nyota yenyewe imo humo.

Nisalimie baba mdogo wa mashine ya kusaga, shangazi na kwaya yake, na wifi yangu anayemvumilia Elia.

Kibuyu usikiondoe mlangoni. Kwa hicho hukukosea.

Mwanao,
Neema