Chupa Moja Iliyobaki Lurambi

Mpendwa binti yangu Khasandi,

Namba yako haipatikani, kwa hivyo nakuandikia wazi. Yeyote anayejua ulipo akusomee.

Unakumbuka likizo ile uliponiletea konokono wa baharini hapa Lurambi? Konokono bila gamba, wamelowekwa kwenye spiriti, chupa zimejaa meza yangu ya kulia. Nikakuuliza, "Ati hivi ndivyo vitu mnasoma chuoni?" Ukacheka. Ukasema kazi yako ni kujua nani ni ndugu ya nani. Ukanilazimisha kuchungulia kwenye hadubini, nikaona ulimi wa konokono una meno kama msumeno.

"Usiangalie rangi, mama, rangi inadanganya. Hawa wawili wanafanana kabisa lakini si jamaa moja. Angalia meno."

Mimi nilikuwa nakuangalianga wewe. Furaha yako ilinishibisha kuliko obusuma, ugali wetu.

Halafu mtoto wa jirani akaugua. Makokha, ndugu ya marehemu babako, mwenye sura ile ile ya babako, akatangaza sokoni kwamba unafuga mapepo kwenye chupa. Wakaja mchana kweupe na mawe na rungu, yeye mbele. Woi, binti yangu, ulisimama mlangoni ukiwaeleza habari za meno! Jiwe lake likakupasua jicho. Sauti ile naisikia mpaka leo. Wakaingia, wakapasua chupa, wakakanyaga kazi yako yote sakafuni. Mtu akawasha kiberiti, spiriti ikashika, meza ikateketea. Nikachukua panga ya miwa nikamkata Makokha mkono. Alilia kama mbuzi. Sijuti hata kidogo. Ningeifikia shingo, ningekata shingo.

Nilikubeba mgongoni mpaka barabarani, damu yako ikinitiririkia kifuani. Jicho madaktari walishindwa kuliokoa. Ulipotoka hospitali ulisema, "Mama, kwenu sirudi tena." Hata nyumbani kwangu ulikuita "kwenu". Nililia, lakini sikukulaumu.

Mtoto yule alipona kitambo, ilikuwa malaria tu. Sasa Makokha ametuma wazee: nikuite, achinje kondoo, tupatane, kwa sababu sisi ni damu moja. Damu gani? Huyo mimi nimeshaona meno yake. Niliwafukuza na sufuria ya maji moto, na mmoja alisahau kiatu.

Sikuiti kwa kondoo wake. Nakuita kwa chupa moja niliyoikuta chini ya kitanda, nzima. Ni yule konokono mdogo wa manjano uliyesema humjui ni wa nani, wala hajapewa jina na mtu yeyote. Nimemweka kando ya Biblia, na spiriti ikipungua naongezanga. Hadubini yako ilianguka, lakini kioo hakikuvunjika.

Nimekukosa, Khasandi. Nyumba imenishinda ukimya. Panga nimeinoa, iko nyuma ya mlango. Na ile hadubini yako, nakumbuka vizuri, inataka jicho moja tu.

Njoo umpe jina. Safari hii mlangoni nitasimama mimi.

Mama yako