Nani Ataliitikia Ziwa?

Mpendwa Baba Neema,

Nimeingia Igoma sasa hivi, miguu imevimba, nguo zinanuka petroli ya boti. Nimechoka, mume wangu. Si uchovu wa leo. Ni ule wa tangu tulipokuzika, nalala nao na kuamka nao.

Nakumbuka ulivyokataa makundi makubwa. Wageni wakiwa wengi wanakuwa mkutano wa hadhara, ulisema, hakuna anayesikia kitu. Ulichukua wachache wa kuenea boti yetu, ukawapitisha kisiwani taratibu kwenye magofu ya ile nyumba ya mawe, huku ukiwagombeza wanaokalia kuta. Kisha ukatangaza: "Sasa twende tukaogeree." Neema alikusahihisha mpaka akakata tamaa. Wewe na hiyo r yako hamkuachana hadi kaburini.

Pale kwenye mawe, penye kina, pasipo matete wala mamba, hakuna aliyeingia majini kabla ya salamu. Ulivua kofia ukasema, "Shikamoo, ziwa." Mimi nimeshajificha nyuma ya jiwe, naitika kwa sauti ya kibibi, ya kukwaruza. Basi wageni hoi kwa kicheko. Wazungu walichanganya mambo, wakaliambia ziwa marahaba, nawe ukawauliza tangu lini ziwa limekuwa mjukuu wao.

Tangu uondoke sijalisalimia. Nawaambia tu ingieni. Nikisalimu mwenyewe na kuitika mwenyewe, si watasema mama wa watu amerukwa na akili?

Leo ilikuwa safari ya mwisho. Boti ilishapata mnunuzi, mtu wa Kamanga, aliyekuwa aje kesho kuichukua. Wageni sikuwaambia. Kati yao alikuwemo mama mmoja wa Bukoba, mwalimu mstaafu, uliyewahi kumtembeza. Alikuulizia kabla hatujaondoka. Nilipomwambia umefariki alinishika mkono.

Tulipofika kwenye mawe nikasema ingieni. Yule mama akawazuia wenzake. Akavua kilemba, akainama kidogo.

"Shikamoo, ziwa."

Wote wakasubiri. Wewe unajua kwetu, shikamoo isiyoitikiwa ni tusi. Nilitaka kumkasirikia, nikakosa hata nguvu za hasira.

"Marahaba," nikasema.

Wakacheka, wakajitosa. Mimi nikabaki juu ya jiwe nalia, maana safari hii sikuigiza, Baba Neema. Ile sauti ya kibibi, ya kukwaruza, ndiyo sauti yangu sasa. Nimezeeka nyuma yako na sikuwa hata na nafasi ya kugundua.

Tuliporudi nikampigia mtu wa Kamanga, nikamwambia asije. Amefoka sana, na ana haki. Neema naye atanigombeza, atasema mama unajiua na hayo magoti. Sijui nitaweza mpaka lini. Jumamosi kuna wageni wengine, na nikifikiria kupanda ile boti tena mwili wote unakataa.

Lakini wewe umeshaninyamazia. Na ziwa nalo likininyamazia, nitabaki na nani?

Pumzika, mume wangu. Kuitika niachie mimi.

Mkeo,
Mama Neema